Jani Kavu la Ngiri

Wanyama wa bondeni walipopiga kura, kila mmoja alipeleka jani mtoni: bichi la kukubali, kavu la kukataa. Mwaka huo Kanga alikuwa analalia mayai, hawezi kutoka, akaomba Njiwa ampelekee jani lake. Ubishi ukazuka, ikaamuliwa jambo hilo lenyewe lipigiwe kura.

"Mimi sikubali," alisema Ngiri, aliyeshuku hata kivuli chake. "Njiwa akiliangusha je? Akilibadilisha? Anayetaka kupiga kura aje kwa miguu yake!"

Siku ya kura Ngiri alishiba mihogo, akaingia shimoni kinyumenyume kama kawaida yake, akanasa mlangoni, kichwa nje. Akamwona Njiwa anapita.

"Dada Njiwa! Nipelekee jani langu kavu. Na ole wako ulibadilishe!"

Njiwa akalifikisha mtoni. "Ni la Ngiri," akasema. "Hataki nibebe majani ya watu."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nyati, msimamizi wa kura, akajifuta machozi. "Tukilihesabu, tumeshakubali majani yabebwe. Tukilitupa, tumemnyima Ngiri wetu kura. Nani anataka kumnyima?"

Hakuna aliyetaka. Jani likahesabiwa, na Njiwa akatumwa kwa Kanga.

Jioni akarudi kwa Ngiri.

"Limefika?"

"Limefika."

"Kavu vilevile?"

"Kavu vilevile, kaka."

Ngiri akashusha pumzi. "Basi tumeshinda!"

Njiwa akaanza kumtoa udongo masikioni.