Uwanjani Hakuna Shikamoo

Mpira ulimjia Kondo polepole, kama mtoto aliyetumwa chumvi na hana haraka ya kurudi. Kondo akainua mguu. Mpira ukapita chini ya mguu, Kondo akakaa kitako, na mlinzi wa timu ya pili akamshika mkono kumwinua huku akimpa pole.

"Ahsante, mwanangu," alisema Kondo akijipangusa vumbi. "Ila kabla sijaanguka ulinishika shati. Hiyo ni faulo."

Watu wa Chang'ombe hawakujua wacheke au walie. Huyu ndiye Kondo ambaye enzi zake akivuta mguu nyuma, kipa alikuwa akisoma bismillahi na kukaa kando. Sasa alikuwa akidai ana miaka thelathini na mitano. Alianza kudai hivyo kabla ya vita, na vita vilikuwa vimekwisha zamani.

Kitambi chake kingevumilika. Kilichowaua ni adabu. Vijana wote wa timu ya Radi yeye ndiye aliyewafundisha mpira, na mtoto wa Chang'ombe hamfokei mkubwa wake. Hija, mwenye mbio kuliko wote, akitaka pasi ilimbidi aiombe kiungwana: "Shikamoo, mjomba Kondo. Naomba mpira." Kondo naye hakuwa mtu wa kuiacha salamu ikaning'inia. "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?" Wakimaliza kujuliana hali, mpira uko langoni kwao.

Fainali ilikuwa inakaribia, na waliowasubiri huko ni Tufani ya Keko. Kamati ikakaa barazani kwa Fakihi, mwenyekiti.

"Aachwe," alisema Hija. "Mjomba nampenda, lakini sie tunataka kombe. Uwanjani hakuna shikamoo!"

Vijana wakapiga makofi. Adelard, katibu, mtu wa Bukoba asiyependa kelele, akasema kwamba jina la Kondo bado linatisha.

"Linamtisha nani? Si umeona leo mlinzi anampa pole?" alidakia Hija.

Fakihi alikuwa na donda lake. Kila mwaka watu wa Keko walipolitwaa kombe walilipitisha Chang'ombe kwa ngoma, na kila mwaka walisimama mlangoni pake kwa makusudi. Aliapa kwamba siku Radi ikilitwaa, atalinywea uji. Kondo alikuwa rafiki yake tangu utotoni, lakini uji ule aliutaka kwa roho yote. Akapiga kura na vijana.

Alikwenda kumwambia mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Alimkuta Kondo kajinyoosha mkekani, mguu ukikandwa na mkewe Somoe.

"Mmefanya vyema," alisema Kondo.

"Utuwie radhi, ndugu yangu."

"Radhi mnazo. Ila nina ombi moja. Pigeni mbiu. Chang'ombe yote isikie, na Keko nao wasikie, kwamba Kondo si mtu wa Radi tena. Si mchezaji, si mwanachama, na hata nikipita uwanjani msinihesabu shabiki."

"Yote hayo ya nini? Umeumia kiasi hicho?"

"Nataka iwe wazi tu."

Somoe aliinamisha uso kwenye mguu wa mumewe, mabega yakimtikisika. Fakihi akadhani analia, akaondoka upesi.

Mbiu ikapigwa. Tangu hapo Kondo akawa na tabia mpya: kila Alhamisi alasiri anavaa viatu, anashika njia ya mjini, anarudi magharibi amechoka na hasemi alikotoka. Majirani wakamtafutia kimada wa Ilala. Kisha Somoe akaonekana ananunua kitambaa cheusi, na mtaa ukapata kicheko cha mwezi mzima.

"Kondo anakaa eda!" walisema. "Kafiwa na mpira!"

Hija ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa nahodha sasa, na unahodha ulimpanda kichwani. Siku moja alipokutana na Kondo njiani, mbele ya wenzake, alisema, "Hujambo, Kondo?"

Wenzake walitazama chini kwa aibu, lakini hakuna aliyemkemea.

"Sijambo, mwanangu," alijibu Kondo. "Nimewatazama mazoezini. Bado unaotea mno. Unasimama nyuma ya walinzi, unasubiri mpira ukukute huko."

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha. Na kumvuta mtu shati refa akigeuka, nilikufundisha. Na kujiangusha pia."

"Basi tatizo liko wapi? Marefa wetu hao, nani kati yao anaona?"

Kondo akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Siku ya fainali watu walijaa hadi juu ya mapaa. Bwana DC alikaa kivulini na kofia yake, kombe liko mezani mbele yake linameremeta. Fakihi alilitazama akapima kwa macho litaingia vikombe vingapi vya uji. Vijana wake walikuwa wepesi, wamependeza, hakuna mzee wa kumsubiri. Hija alimkonyeza, akaonyesha kwa kidole nyuma ya walinzi wa Keko, mahali pake pa siku zote.

Watu wa Keko nao walikuwa wanatabasamu, jambo ambalo Fakihi hakulielewa.

Kisha refa akatoka nyuma ya kiti cha Bwana DC, akaingia uwanjani akichechemea kidogo. Shati jeusi lilimkaa sawasawa, hata kwenye kitambi, kwa maana aliyelishona alikijua vizuri. Filimbi, tunda la Alhamisi zote za mjini, ilikuwa shingoni.

Hija alikauka. Nyuma yake wenzake wote walikuwa wamekwisha kujipanga, mikono kifuani.

"Shikamoo, mjomba Kondo!"

Kondo aliutua mpira katikati, akamgeukia nahodha.

"Uwanjani hakuna shikamoo," alisema, akapuliza filimbi.