Kadi ya Fundi Kesho

Fundi Kesho aliingia ukumbini saa nne kasorobo asubuhi, anahema, gauni la harusi kalikumbatia ndani ya shuka. Kadi ilisema saa nne. Tangu anunue cherehani, ndiyo mara ya kwanza kuwahi.

Jina la Kesho hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, tena alilitolea jasho: kuna mmoja aliyepeleka kitambaa cha sare ya shule, sare ikakamilika yeye ameshaoa. Hayo yote Fundi aliyacheka. Lakini binti yake, bibi harusi mwenyewe, aliposema, "Baba, usipolileta gauni siku yenyewe, naazima la mtu," yalimchoma. Akaapa mbele ya wakwe: binti atavalia ukumbini, gauni atalikuta, hata inyeshe mvua ya mawe.

Mfagiaji alikuwa peke yake, anadeki.

"Nikupokee mzigo, mzee?"

"Usiguse! Kuna chumba chenye mwanga mzuri?" Akatazama huku na huku. "Maharusi huwa wanachelewa kidogo, siyo?"

"Harusi gani?" Mfagiaji akamwonyesha tangazo mlangoni. Ilikuwa Jumamosi ijayo.

Fundi akampigia mkewe simu. Mkewe wala hakujitetea.

"Kadi yako tuliichapisha peke yake, baba watoto. Tulijiwekea wiki moja ya akiba. Si tunakujua?"

"Kwa hiyo mimi mwongo! Watu wazima mnakaa kikao kunitungia tarehe!" Iliuma kweli, na uchungu ulizidi kwa kuwa mfagiaji alikuwa ameacha kudeki ili asikie vizuri. "Haya, nimefika. Na saa nne bado. Nani mwongo sasa?"

Mkewe akaanza kulia.

"Tumekukosea. Kumbe mtu hubadilika, na sisi tumekuhukumu kwa jina. Usiondoke hapo. Tunakuja sasa hivi, mwanao akuombe radhi mwenyewe, na gauni alipime hapo hapo."

"Msije!"

"Kwa nini?"

Fundi akalitazama shuka. Akashusha pumzi.

"Nimewasamehe. Njooni kesho."

Alipokata simu akavuta kiti dirishani, akafungua shuka, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaanza kushona mkono wa kushoto wa gauni. Wa kulia alikuwa hata hajaukata.