Jina Kwenye Maegesho

Kocha Tolliver alikuwa katikati ya usaili wa nafasi ya kocha mkuu alipoona, kupitia dirisha lililo nyuma ya wasaili, fundi akipaka rangi jina jipya kwenye maegesho ya kocha mkuu. Rangi nyeupe ilimchuruzika fundi hadi kwenye kiwiko.

Jina lile halikuwa la Tolliver. Lilikuwa la Mzungu ambaye Tolliver mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Miaka ishirini na miwili alikuwa kocha msaidizi. Msimu huu bosi wake alipofukuzwa, Tolliver ndiye aliyeishika timu ikashinda mechi tano mfululizo.

"Wachezaji wanakupenda, Kocha," alisema mkurugenzi wa michezo wa chuo. "Hata ukiikosa nafasi hii, utabaki uwatulize wasihame?"

"Wachezaji gani? Weusi wenzangu?"

"Sijasema hivyo, bwana."

Tolliver alinyoosha kidole dirishani. "Hebu geukeni mtazame nje."

Wasaili walikuwa watano. Hakuna aliyegeuka, na hakuna aliyeuliza kuna nini huko.

"Kumbe mnajua wote," alisema, akasukuma kiti.

"Unakwenda wapi? Hatujamaliza."

"Kwa wachezaji. Wananisubiri chini, na wataniuliza usaili umekwendaje."