Mapumziko ya Masika

Simu ya Shakiru iliita mara tatu tangu watoke hotelini Rau, na mara zote tatu aliegesha gari akateremka kuipokea kwenye mvua.

Shani alimtazama kupitia kioo kilichojaa ukungu. Miaka saba ya ndoa, na mumewe hakuwahi kumficha simu.

"Nani?" aliuliza aliporudi.

"Watu wa shamba la kahawa. Wanauliza tumefika wapi."

Ilikuwa siku yao ya nne. Walikuwa wametoka Morogoro kuja kutembelea mashamba ya kahawa, katikati ya masika, wakati hata wapanda mlima wamekwisha kwenda zao. Huko Marangu walilala peke yao katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Mlima wenyewe hawakuuona hata mara moja. Shani alipouliza kwa nini wasisubiri Julai, Shakiru alijibu, "Julai tutakuwa tumechelewa."

Shakiru alianza kubadilika siku ile mama yake Shani, akiwa hoi kitandani, alipomwita yeye peke yake na kuagiza mlango ufungwe. Walikaa humo hadi adhuhuri. Siku tatu baadaye mama alizikwa, na Shakiru hakusema hata neno moja la waliyozungumza.

Mwika walipokelewa na Beatrice, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiwaonyesha wageni namna ya kukaanga na kutwanga kahawa. Alizungumza vizuri mpaka Shani aliposhusha kofia ya koti lake la mvua. Buni zikaanza kuungua, moshi ukajaa banda zima, naye hakuzigeuza.

"Naomba nikupige picha," alisema hatimaye. Hakusubiri jibu. Aliipiga, na papo hapo akaituma kwa mtu.

Shani aliomba kwenda msalani. Akiwa nyuma ya nyumba alisikia sauti ya mumewe kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Kaburi limeshafukuliwa?" Shakiru alikuwa akiongea na simu. "Basi malizieni. Wazee wamesema asiingie kabla halijafukuliwa." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hajui kitu. Nikimwambia sasa atakataa kuja."

Shani alitoa simu yake akamwandikia rafiki yake Maulida: Nikipotea, nilikuwa Mwika na Shakiru. Ujumbe haukwenda. Alijaribu tena. Laini yake haikuwa na mtandao hapo.

Alirudi bandani akamsogelea Beatrice. "Dada, nisaidie," alinong'ona. "Nataka kurudi mjini. Bila yeye."

Beatrice alimshika mikono yote miwili akaing'ang'ania. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Nenda naye tu," alisema. "Ni hapo chini. Wanakusubiri."

"Akina nani?"

Beatrice aligeuza uso.

Wanaume watatu waliingia uani, majembe mabegani, udongo mwekundu umewapanda hadi magotini.

"Tayari," mmoja wao alimwambia Shakiru.

Shakiru alimshika mkewe kiwiko. "Twende," alisema, bila kumwangalia usoni.

Njia ilikuwa nyembamba na yenye utelezi, ikishuka katikati ya migomba. Mto ulinguruma mahali fulani chini. Shani alijichomoa mkononi mwa mumewe akageuka kukimbia, lakini wale wanaume walikuwa nyuma yao, wameijaza njia. Hakuna aliyemgusa. Mmoja wao alimtazama kwa muda mrefu, kisha akavua kofia yake.

"Nisamehe, Shani," alisema Shakiru. "Sikujua nianzie wapi kukueleza aliyoniambia mama."

Hakukuwa na pa kwenda ila chini.

Shimo lilikuwa katikati ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, mbele ya nyumba ya matofali. Udongo ulirundikwa kando, ukichuruzika kwa mvua. Shani aliona kwamba lilikuwa fupi mno kwa mtu mzima. Msalaba uliong'olewa ulikuwa umelazwa kwenye nyasi: Evelyn Aristides, 1993–1996.

Pembeni, chini ya mwavuli, aliketi bibi mmoja aliyedhoofika kwa ugonjwa, kwenye kigoda. Mkononi alishika simu yenye picha ya Shani, ile aliyopigwa bandani.

"Shikamoo," Shani alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

Bibi alimtazama uso, akatazama shimo, akamtazama tena. Kisha akainuka, akamjia polepole, akimnyooshea mikono.

"Mle tulizika mgomba badala yako, mwanangu," alisema. "Mto ulipokuchukua, mwili wako hatukuupata."