Afisa wa Kupunguza Msongamano

Katika shule ya msituni, darasa la Mwalimu Kobe lilifurika hata watoto wengine wakawa wanakaa juu ya gamba lake akifundisha. Wazazi wakapiga kura: kila nyumba itoe kapu la mtama, aajiriwe mwalimu wa pili.

Mtama ukakabidhiwa kwa Ngiri, afisa elimu, aliyependa vikao kuliko usingizi. Akaita kikao cha msongamano, akawaalika shemeji zake wote, wakala ule mtama. Wakaita kikao cha kutathmini kile kikao, wakala tena. Mtama ulipobaki nusu, wakamwajiri Kicheche, mnyama anayenuka kuliko wote, wakamkalisha dawati la mbele.

Mama Kanga alipokuja na wazazi wenzake kukagua, alimkuta Kobe peke yake na Kicheche, kichwa kakificha gambani.

"Watoto wako wapi?"

"Nje," Ngiri, aliyesimama mlangoni, akajibu kwa fahari. "Ndani hakuna msongamano hata kidogo, mama."

"Na huyu Kicheche mmeshamlipa?"

"Mpaka mwisho wa muhula!"

"Vizuri. Wazazi wenzangu, tupige kura tena. Ahamie ofisini kwa Bwana Afisa. Huko nako naona kumejaa."

Mbawa, kwato na mikia vikainuka. Kicheche hakuwahi hata kuketi ofisini: Ngiri na shemeji zake walitoroka kupitia dirishani. Mtama waliouacha mezani ukamwajiri mwalimu wa pili, na ofisi, baada ya kupigwa upepo siku nzima, ikawa darasa.

"Sasa mimi nitarudi lini?" Ngiri akauliza kutoka vichakani.

"Subiri," akasema Mama Kanga. "Tutaliitia kikao."