Mbele ya Uso wa Mama

Dada yangu Nusra alifika Siyu mama akiwa amekwisha kukoshwa na kuvikwa sanda. Uso tu ulikuwa umeachwa wazi ili wanawe wamuage. Nusra alipiga magoti, akaanza kulia.

Lilitangulia jicho la kushoto. Chozi lilishuka polepole, likasimama kidogo juu ya mdomo. Sote tulilijua chozi hilo. Alilitoa akiwa na miaka tisa, katika filamu yake ya kwanza, na tangu hapo nchi nzima ikalipenda. Mimi niliyemuuguza mama miezi minne bado sikuwa nimelia.

"Hapa hakuna kamera," nikamwambia.

Shangazi akanishika mkono. "Una ulimi wewe, mwanangu. Mwate dadako amlilie mamake."

Nusra alijipangusa kwa mtandio kama mtoto aliyekemewa. Hakumbusu mama. Aliinuka, akaenda kusimama ukutani, macho makavu.

Shangazi akaanza kuufunika uso. Ningeweza kusema, "Ngojani kidogo," na wangengoja. Wanaume wakaingia kuchukua jeneza, nami nikatia bega, nikampita dada yangu bila kumtazama.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini.