Punda Juu ya Paa

Tangu Tausi ahamie shule ile, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Akiitwa jina, aliinua mkono tu.

Siku hiyo Mwalimu Mbonea aliwagawia watoto karatasi, akawaonyesha jinsi ya kuzikunja na kuzishona katikati kwa uzi, ili kila mmoja atengeneze kitabu chake mwenyewe. Tausi alishona vizuri, kisha akachora picha karibu kila ukurasa. Hakuandika hata neno moja.

Mwalimu akachuchumaa kando ya dawati lake.

“Nikusaidie maneno?”

Tausi akamsogezea kitabu. Mwalimu akaitazama picha ya kwanza, akaanza kuandika chini yake kwa penseli huku akisoma kwa sauti: “Hapo zamani, mbuzi mmoja alipanda juu ya paa…”

“Siyo mbuzi,” Tausi akasema. “Ni punda.”

Darasa zima likageuka. Mwalimu alitamani kushangilia, lakini aliogopa kuikatiza ile sauti. Akalifuta neno taratibu, akaandika upya.

“Alifuata nini huko juu, mwanangu?”

“Anatafuta kwao. Akiwa chini hapaoni.”

Mwalimu akayaandika maneno hayo vilevile. Wakaendelea hivyo, picha baada ya picha, hadi ukurasa wa mwisho, uliokuwa mtupu.

“Je, alipaona?”

Tausi akaichukua penseli mkononi mwa mwalimu, akauziba ukurasa kwa kiganja, akaanza kuchora. Watoto wakaacha madawati yao, wakamzunguka wakirefusha shingo. Mwalimu naye akairefusha yake.